Kubandika Lebo za Redio Kwenye Kompyuta na Mitambo ya Ofisi Bila Kukiuka Sheria

Ofisi nyingi za Dar es Salaam zinachoka kuhesabu mali kwa kalamu na daftari, na badala yake zinabandika lebo za utambulisho kwa mawimbi ya redio kwenye kompyuta, printa, seva na UPS (vifaa vya akiba ya umeme), ili ofisa wa mali aingie na kisomaji mkononi na kumaliza chumba kizima kwa dakika chache. Mzabuni anapoleta sampuli, watu huigeuzageuza lebo, huuliza bei yake na uimara wa gundi yake, kisha kikao hufungwa. Kisomaji hakiulizwi lolote, ilhali kwa upande wa masafa ya mawimbi mzigo mkubwa uko kwake.

Lebo isiyo na betri haizalishi mawimbi yake yenyewe. Huamshwa na mawimbi ya kisomaji, kisha huyaakisi yakiwa yamebeba namba yake. Lebo yenye betri inayojirushia ishara yenyewe ni kitu kingine kabisa: hiyo ni kifaa cha kurushia mawimbi, na kila toleo lake linapaswa kuombewa idhini kama kifaa chochote cha redio. Kwa hiyo, kabla ya kuandika zabuni, amua unataka ipi, na uitaje kwa maneno yasiyo na utata. Kwa mali za ofisini, isiyo na betri hutosha karibu kila mara.

Jambo la pili ni masafa, na hapa sina budi kukaa kidogo. Kadi za milangoni hutumia kilohezi 125 au megahezi 13.56, na hazina matatizo mengi. Lebo zinazosomeka kwa umbali wa mita kadhaa hutumia masafa yaliyo kati ya megahezi 860 na 960, na ndani ya eneo hilo kila upande wa dunia umejikatia kipande chake: Ulaya imetenga 865 hadi 868, Marekani 902 hadi 928. Tanzania iko katika Kanda ya Kwanza ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, pamoja na Ulaya na Afrika nzima, na katika kanda hii simu za mkononi hutumia megahezi 890 hadi 915 kupeleka ishara mnarani. Kisomaji kilichopangwa Kimarekani kinaporukaruka kati ya 902 na 928, kinakanyaga njia ya simu za watu.

Niliwahi kuitwa kukagua ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere. Nilipofungua ukurasa wa mipangilio ya kisomaji, mstari wa eneo ulisomeka FCC, yaani mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, vilevile kilivyotoka kiwandani. Kilikuwa kinasoma lebo vizuri sana, na hilo ndilo lililowapumbaza, kwa sababu kosa la masafa halimpigii kelele anayelitenda. Anayeumia ni jirani ambaye simu yake inakatika asijue kwa nini. Basi, siku ya kupokea mzigo, mwambie mzabuni awashe kifaa mbele yako, afungue ukurasa huo, na upige picha ya skrini iingie kwenye jalada. Afadhali zaidi ni kukubali toleo ambalo mtumiaji wa kawaida hawezi kulibadilisha eneo.

Usilinganishe wati, yaani nguvu ya mawimbi ya kisomaji, kwa macho tu. Ukomo wa Ulaya wa wati 2 hupimwa kwa kulinganisha na antena ya nusu-wimbi, na ukomo wa Marekani wa wati 4 hupimwa kwa kulinganisha na antena ya kinadharia inayosambaza sawa pande zote. Wati 2 za kipimo cha kwanza ni takriban 3.28 za kipimo cha pili. Kwa sababu hiyohiyo, fundi anayebadilisha antena ili kisomaji kifike mbali zaidi anaweza kukivusha nje ya hali kilichopimiwa, hata kama hakugusa kitu kingine chochote.

Idhini ya vifaa vya mawasiliano hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Iulizie kwa maandishi kabla ya kulipia mzigo, ukiambatanisha maelezo ya kiufundi na ripoti za maabara kutoka kwa mtengenezaji. Alama ya CE ni ushahidi kwamba mtengenezaji ametangaza kutimiza masharti ya Ulaya. Haichukui nafasi ya idhini ya hapa. Soma namba ya modeli hadi herufi ya mwisho, kwani mara nyingi herufi hiyo ndiyo inayotofautisha toleo la Ulaya na la Marekani, kisha umpe wakala wa forodha nakala ya cheti cha idhini mapema, si siku kontena linapoanza kudaiwa gharama za kukaa bandarini.

Kwenye ubandikaji, chuma huua usomaji wa lebo ya kawaida, hivyo seva na UPS zinahitaji lebo zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma. Usizibe matundu ya hewa, wala kibati cha mtengenezaji chenye namba ya kifaa na alama za usalama. Hospitalini ongeza uangalifu: utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la tiba la JAMA ulifanya majaribio 123 kwa vifaa tiba 41, na visomaji vikavuruga vifaa mara 34, zikiwemo mara 22 zilizohesabiwa kuwa za hatari. Pima athari za kisomaji chumba kikiwa hakina mgonjwa.

Ndani ya lebo andika namba ya mali peke yake. Jina la mtumishi au namba yake ya ajira vibaki kwenye mfumo wenye nywila, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia kompyuta mpakato inayoweza kumfuata mtu hadi kwake Mbagala. Nywila za lebo nazo huja zikiwa sifuri tupu. Zibadilishe na ufunge kumbukumbu ya lebo isiandikwe upya kabla ya kubandika. Kifaa kikifika mwisho wa maisha yake, zima lebo kwa amri yake maalumu, ondoa namba kwenye daftari la mali, na hapo ndipo ukikabidhi kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali.