Mambo ya kuzingatia kabla hujaanza dawa za presha ukiwa mjamzito

Kama ulikuwa unameza dawa za presha hata kabla ya mimba, beba maboksi yote uende nayo kliniki, usiseme tu "namezaga vile vidonge vyeupe" maana nesi atajuaje. Soma jina la dawa kwenye boksi, likiishia na pril kama captopril na enalapril, au sartan kama losartan, hizo zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Ila usiache kimyakimya ukakaa bila dawa yoyote, nenda fasta ubadilishiwe.

Presha yenyewe ipimwe vizuri, ukojoe kwanza, ukae dakika 5 umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mi siku moja nimeshuka kwenye boda nikapanda ngazi mbiombio, mashine ikasoma 158 namba ya juu, nimetulia ikaja 142. Na hiyo 142 nayo sio ya kupuuzia, zamani kwa wenye presha ya siku nyingi madaktari wengi walikuwa wanasubiri ifike 160 ndo waanze dawa, utafiti mkubwa wa Marekani wa 2022 ukaonyesha kuanza kwenye 140/90 ni bora na wala watoto hawazaliwi wadogo zaidi.

Utakachopewa mara nyingi ni methildopa, wengi tunaiita Aldomet, ya toka miaka ya 1960, siku za mwanzo inalaza hatari kwahiyo usipange safari. Au nifedipini, hii inaumiza kichwa na uso unakuwa wa moto, na hapo ndo pa kuwa makini maana kichwa kuuma ni dalili ya hatari pia, usijipe moyo kwamba ni dawa tu, pima. Ukiandikiwa labetaloli na una pumu sema hapohapo.

Nauli ya usiku iwepo pembeni pamoja na kadi ya kliniki. Ikifika 160/110, au unaona vimulimuli, au chembe ya moyo inauma, ondokeni usikuusiku mwende hospitali, huko kuna sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba.

Ukishajifungua usirushe dawa, presha inaweza kupanda siku chache baadae. Methildopa huwa wanaibadilisha kipindi hiki kwa sababu inaweza kumletea mzazi sonona, na usishangae ukipewa ileile enalapril uliyokatazwa, ukiwa unanyonyesha inaruhusiwa.