Jinsi ya kusoma tarehe kwenye mawe ya miji ya Wamaya ukiwa na simu na daftari tu

Watu wengi wakisikia Wamaya, wale watu wa kale wa Mexico na Amerika ya Kati, wanakumbuka ule uzushi wa 2012 kwamba dunia inaisha, na mimi inaniuma kwa sababu kile kilichogeuzwa hadithi ya kutisha, yaani kalenda yao, ndicho kinachotuwezesha kujua kwamba mfalme fulani wa miji yao kama Copán au Palenque alikalia kiti siku gani na alikufa lini. Na hesabu zenyewe ni kuzidisha, kujumlisha, kutoa na kugawanya, basi. Mtoto wa darasa la saba anaziweza.

Anza na picha ya jiwe. Usihangaike na picha za watalii zilizopigwa saa sita mchana, jua la utosi linafuta michoro yote, tafuta picha ambayo mwanga umepita ubavuni mwa jiwe au, bora zaidi, mchoro wa wino wa mtaalamu. Makumbusho ya Peabody pale Chuo Kikuu cha Harvard wana mradi mkubwa wa kuchora na kupiga picha maandishi ya Wamaya, ulianza 1968 na Ian Graham ndiye aliyeubeba kwa miaka mingi, unaweza kuangalia michoro mingi mtandaoni. Picha za zamani za Alfred Maudslay za miaka ya 1880 nazo usizidharau hata kidogo, kuna mawe yamelika na mvua tangu wakati ule, kwa hiyo picha yake inaonyesha vitu ambavyo leo ukienda mwenyewe huvioni.

Tutumie nguzo E ya mji wa Quiriguá, Guatemala. Ni jiwe moja lililosimama, zaidi ya mita 10 kwenda juu, ndilo refu kuliko nguzo zote za Wamaya zinazojulikana. Maandishi yapo ubavuni, na hapa ndipo wengi wanapopotea, wanasoma safu moja kushuka hadi chini. Hapana. Wamaya wanasoma safu mbili mbili, kushoto kisha kulia, unashuka mstari mmoja, kushoto kisha kulia tena, ukifika chini ndio unarudi juu kwenye jozi inayofuata. Pale juu kabisa utaona alama moja kubwa kuliko zote, hiyo ni kama mlango tu, inakwambia tarehe inaanza hapa.

Baada ya hapo zinakuja alama tano, na kila moja ina namba pembeni au juu yake. Nukta ni 1, mstari ni 5. Mistari mitatu na nukta mbili ni 17. Sifuri ina alama yake pia, maana hawa watu walikuwa na sifuri. Sasa angalia kitu hiki kwa makini sana kwa sababu mimi kilinipotezea jioni nzima: fundi akiwa na nukta moja au mbili anaona nafasi imebaki wazi, anaijaza na pambo, kitu kama msalaba au mwezi mwandamo, ili mchongo upendeze. Pambo halihesabiwi! Mimi nililihesabu, 17 ikawa 18, na mwaka wangu ukaruka karibu miaka 20 mbele. Nukta ya kweli ni duara, ukiona umbo lenye pembe au lililokatwa katikati liache. Na ukikutana na jiwe ambalo namba zimechongwa kama vichwa vya miungu au viumbe wazima wazima, kama nguzo D ya hapo hapo Quiriguá, liweke kando kwanza, utalirudia ukishazoea.

Zile alama tano ni vipimo vya siku. Kwanza baktuni, siku 144,000. Kisha k'atuni (si zile katuni za watoto), siku 7,200. Kisha tuni, siku 360. Kisha winali, siku 20. Mwisho k'ini, siku moja. Upande wa mashariki wa nguzo E unasoma 9, 17, 0, 0, 0, na wataalamu wanaandika 9.17.0.0.0. Zidisha: 9 mara 144,000 ni 1,296,000, na 17 mara 7,200 ni 122,400, jumla siku 1,418,400. Hizo ni siku zilizopita tangu siku ya mwanzo ya hesabu yao, ambayo kwa kalenda yetu ni 11 Agosti 3114 KK.

Kupata mwaka, gawa kwa 365.2425 kisha toa 3112.4. Hapa unapata 3883.4 kutoa 3112.4, yaani 771, na ukifanya hesabu kamili inaangukia Januari 771. Kama vitabu viwili vinatofautiana siku mbili usishtuke, ni wataalamu hao hao hawajakubaliana kwenye siku mbili za mwisho za kulinganisha kalenda. Ulinganisho wenyewe alianza nao Joseph Goodman mwaka 1905, baadaye wengine wakaunyoosha, na mwaka 2013 watafiti wakachapisha vipimo vya kaboni, vya kujua umri, vya boriti ya mbao ya mlango wa hekalu la mji wa Tikal na majibu yakakubaliana na ulinganisho huo. Ni kazi ile ile ya mtu anayesoma mwaka 500 Hijria kwenye ukuta wa msikiti wa Kizimkazi halafu anaugeuza kuwa 1107.

Sasa hatua ambayo mimi naipenda kuliko zote, na ukiiruka umefanya kazi nusu. Baada ya vipimo vitano jiwe linataja jina la siku, kwa mfano 13 Ajaw. Namba inazunguka 1 hadi 13, majina yapo 20 kwa mpangilio huu: Imix, Ik', Ak'bal, K'an, Chikchan, Kimi, Manik', Lamat, Muluk, Ok, Chuwen, Eb, Ben, Ix, Men, Kib, Kaban, Etz'nab, Kawak, Ajaw. Jina unalipata kwenye k'ini, 1 ni Imix, 6 ni Kimi, sifuri ni Ajaw. Namba unaipata hivi, chukua jumla ya siku, ongeza 4, gawa kwa 13, angalia kinachobaki, kikibaki sifuri ni 13. Kwa jiwe letu 1,418,404 inagawanyika bila kubakiza kitu, kwa hiyo 13 Ajaw, na jiwe linasema 13 Ajaw. Lile kosa langu la 18 lingenipa 11 Ajaw, hapo hapo ningejua nimehesabu pambo.

Hii hatua inakamata hata makosa ya fundi mwenyewe. Zunguka upande wa magharibi wa nguzo hiyo hiyo, pamechongwa 9.14.12.4.17 na siku ya 12 Kaban. Piga hesabu, inatoka 3 Kaban. Weka tuni 13 badala ya 12, inatoka 12 Kaban sawasawa. Mtaalamu Sylvanus Morley alilieleza kosa hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na tarehe sahihi ni mwisho wa 724, siku mfalme K'ak' Tiliw alipotawazwa Quiriguá chini ya mkubwa wake mfalme wa Copán, na mwaka 738 huyo K'ak' Tiliw akamkamata mkubwa wake na kumkata kichwa. Fikiria, mtu amechonga jiwe la tani nyingi, amekosea nukta moja, na wewe umekaa jikoni na kalkuleta ya simu unaliona kosa lake baada ya zaidi ya miaka 1,200.

Kuna kisa kingine cha Tres Zapotes, Mexico, ambako si kwa Wamaya lakini hesabu ni ile ile. Mwaka 1939 mwanaakiolojia Matthew Stirling na mkewe Marion walipata kipande cha chini cha jiwe, namba ya kwanza haipo imevunjika, kimebaki 16.6.16.18 na siku ya 6 Etz'nab. Wakasema namba iliyopotea ni 7, yaani 32 KK, na J. Eric Thompson, mtu mzito kabisa kwenye fani hii, akawapinga. Jaribu mwenyewe, weka 7 inatoka 6, weka 8 inatoka 5. Miaka kama 30 baadaye kipande cha juu kikapatikana, na kina 7.

Ukishakuwa na tarehe kadhaa za mji mmoja usiziache zilale, zipange mstari mmoja na uangalie mapengo kati yake. Mtaalamu Tatiana Proskouriakoff alifanya hivyo hivyo na mawe ya mji wa Piedras Negras, na mwaka 1960 akaonyesha kwamba yapo kwa makundi na hakuna kundi linalozidi umri wa binadamu mmoja, kumbe ni kuzaliwa na kutawazwa kwa wafalme, wakati wakubwa wa fani walikuwa wameshashikilia kwamba mawe yanazungumzia nyota na makuhani tu. Alitumia tarehe, wala hakuhitaji kusoma sentensi nzima. Wewe pia ukiona karibu na tarehe kichwa cha chura kinachotazama juu, hapo kuna mtu amezaliwa.

Jaribu nguzo 29 ya Tikal, 8.12.14.8.15. Jiwe limevunjika chini, siku yake utaitafuta mwenyewe. Ukipata siku 1,243,615, mwaka 292 na 13 Men, chukua nyingine, jiwe namba 101 la mji wa Toniná, 10.4.0.0.0, tarehe ya mwisho ya aina hii tunayoijua kwenye mawe yao, na uone ni mwaka gani walinyamaza.