Jina Limetoka JKT: Maandalizi ya Mhitimu wa Kidato cha Sita Kabla ya Kuripoti Kambini

Majina ya vijana wa mujibu wa sheria, yaani wahitimu wa kidato cha sita ambao sheria inawataka wapite Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hutoka kipindi kile kile cha mtihani wao, na kuripoti huwa kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni. Kwa hiyo muda wa kujiandaa ni mfupi, na wengi huumaliza wakiogopa mbio. Mbio zinazoeleka. Vinavyowatesa vijana kambini ni miguu, bukta iliyoshonwa ovyo, na makaratasi ya chuo yaliyoachwa nusu nusu nyumbani.

Mafunzo ni ya miezi mitatu. Wazazi wako, kama walipita kabla utaratibu haujasitishwa mwaka 1994, huenda walikaa mwaka mzima, kwa hiyo masimulizi yao yapunguze kidogo. Utaratibu ulirudishwa mwaka 2013.

Soma jina la kambi, kisha soma na mkoa

Orodha hupangwa kwa kambi na shule, na huwekwa kwenye tovuti rasmi ya JKT. Ukishaona jina, hakikisha unajua kambi yenyewe iko wapi kabla hujakata tiketi. Tanga kuna Maramba, iliyo Mkinga, na kuna Mgambo, iliyo Handeni. Kigoma kuna Bulombora, Kanembwa na Mtabila, na kutoka moja hadi nyingine ni safari ya kujitegemea. Makutupora ya JKT iko Dodoma. Makutupora inayotajwa kwenye habari za reli ya SGR ni nyingine kabisa, iko upande wa Manyoni mkoani Singida. Mwenye ulemavu wa kuonekana hupelekwa Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, kwa sababu ndiko kwenye miundombinu ya kumhudumia.

Nafasi haiuzwi. Anayekupigia simu kuomba hela ili "akubadilishie kambi" ni tapeli.

Vifaa

Tangazo la wito hutaja vifaa, na kwa miaka kadhaa orodha imekuwa hii: bukta ya bluu iliyoiva yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, yenye mfuko mmoja nyuma na urefu wa kufika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti ya kijani au bluu, nguo za baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi, nyaraka za kuombea chuo, na nauli ya kwenda na kurudi. Lisome tangazo la mwaka wako neno kwa neno, maana rangi ikikosewa utanunua mara mbili, na duka la karibu na kambi linajua kwamba huna pa kwenda.

Bukta ndiyo ya kuhangaikia kuliko vyote. Utaishi nayo. Ya kununua tayari mara nyingi hushonwa mshono mmoja msambani, na siku ya kwanza ya kichurachura inachanika mbele ya kombania (kikosi chenu) nzima. Mpelekee fundi kitambaa kigumu kidogo, mwambie ashone msamba mara mbili na aongeze nafasi ya kuchuchumaa, na mpira uwe mpana. Ijaribu hapo hapo kwa fundi: chuchumaa, ruka mara kumi, ndipo ulipe. Shonesha mbili kama uwezo upo, moja ikifuliwa nyingine iko mwilini.

Raba zinunuliwe mapema na zivaliwe angalau wiki mbili kabla ya safari. Mguu huvimba kwa kukimbia na kusimama, kwa hiyo kidole gumba kisiguse mbele. Acha nafasi ya upana wa kidole kimoja. Soksi ziwe jozi nne hivi. Soksi ikiloa jasho, ngozi inalainika, kisha inasuguliwa, na malengelenge huanzia hapo hapo.

Mengine ni madogo: kufuli, sabuni, dawa ya meno, mafuta ya mgando, sindano na uzi, na kwa wasichana pedi za miezi yote mitatu. Andika jina kwenye kila nguo, kwa uzi au kalamu isiyofutika. Nguo mia za rangi moja zikianikwa kamba moja, ya kwako hutaijua. Usisuke nywele kwa ajili ya safari. Zitakatwa.

Kuhusu baridi, msidanganyane. Juni na Julai Mafinga ni baridi ya kweli, Oljoro vilevile, na Dodoma, inayosifika kwa jua, ina upepo wa alfajiri unaopenya traksuti. Wanaokwenda Ruvu, Kibiti au Bulombora wafikirie zaidi mbu na joto.

Makaratasi, kabla ya kitu kingine chochote

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, ukiwa kambini. Maombi ya vyuo na ya mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu) huangukia miezi hiyo hiyo, na wewe simu huna au unaishika kwa nadra. Ndiyo maana tangazo linataka uje na nyaraka. Kabla ya kuondoka:

- Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi (waliozaliwa Zanzibar, ZCSRA). Uhakiki huchukua siku, usingoje siku ya safari.
- Linganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA. Kama kimoja kinasema Mwanaidi na kingine Mwanahidi, nenda kwa wakili sasa. Ukiwa kambini hutaweza.
- Skani kila kitu, kitume kwenye barua pepe yako, na uache nakala kwa mtu mmoja nyumbani anayejua kutumia intaneti. Mwachie pia namba zako za mtihani, kidato cha nne na cha sita, pamoja na orodha ya kozi unazotaka, kwa mpangilio.
- Picha za pasipoti, zako na za mdhamini wa mkopo.

Namba za simu za nyumbani ziandike kwenye karatasi. Wengi hawaikumbuki hata ya mama.

Mwili

Mchakamchaka si mashindano. Ni mbio za taratibu, kwa mistari, mkiimba. Kipimo kizuri ni hiki: uweze kukimbia nusu saa huku unaimba bila kukatika pumzi. Anza na dakika kumi na tano, siku tatu au nne kwa wiki, uongeze dakika tano kila wiki. Aliyekaa miezi akisoma kisha akaanza na kilomita kumi huumia ugoko, na ataripoti akichechemea. Ongeza pushapu kidogo na kuchuchumaa.

Kuanguka kwenye kwata, mazoezi ya gwaride, kuna sababu yake. Ukisimama umekaza magoti, damu hubaki miguuni, na kama hukunywa uji wala maji, kichwa kinakuwa chepesi na unakwenda chini. Legeza magoti kidogo bila kuonekana, kunja na kunjua vidole ndani ya buti, kaza misuli ya mashavu ya miguu. Maji kunywa usiku na asubuhi.

Lengelenge usilichune ngozi. Lioshe, lifunike, na likipasuka au likianza usaha nenda zahanati ya kambi. Mwenye pumu, selimundu, kifafa au aliyefanyiwa upasuaji aseme siku ya uchunguzi wa afya na aonyeshe karatasi za hospitali. Anayeficha kwa kuogopa kurudishwa huzidiwa porini, mbali na daktari.

Siku za kwanza hangani (bweni la kambini)

Wiki mbili za mwanzo ndizo nzito: amri zinakuja mfululizo na usingizi ni mfupi. Jibu ni "ndiyo afande", maelezo baadaye ukiulizwa. Adhabu mara nyingi ni ya wote, hivyo mwamshe jirani yako kabla filimbi haijalia, na kitanda kitandike kwanza, mswaki baadaye. Ukifua, kaa na nguo hadi zikauke. Nauli ya kurudi isiguswe kantini. Ifunge mbali na hela ya matumizi, au mkabidhi mzazi akutumie mwishoni.

Baada ya gwaride la kufunga mafunzo utapewa cheti. Soma jina lako hapo hapo, herufi kwa herufi, na likikosewa liseme kabla hujapanda basi. Kurudi kambini kurekebisha herufi moja ni nauli nyingine.