Somo: Picha ya kufundishia ni ya nani?

Walimu wenzangu, niliwahi kuandaa kijitabu cha baiolojia. Siku ya kukipeleka kichapwe nikaulizwa, "Huu mchoro wa moyo ni wa nani?" Sikuwa na jibu, na kazi yote ikarudi mezani. Tangu hapo nafuata hatua hizi.

1. Chukulia kila kazi ina mwenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya kulinda kazi za watunzi, hakimiliki huanza kazi inapotungwa. Haisubiri kusajiliwa wala alama ya ©. Usipoona onyo, usidhani umeruhusiwa.

2. Jua sheria ya nchi yako inakuruhusu nini bila kuomba. Marekani wana "matumizi ya haki", kifungu cha 107 cha sheria yao ya hakimiliki ya 1976. Hapo hupimwa lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko lake. Nchi nyingi hazina kipimo hicho. Zimetaja misamaha maalumu, kama kunukuu au kutolea mfano darasani. Kwa hiyo kusema "ni kwa ajili ya elimu" hakutoshi. Ukitoa nakala za kitabu kizima cha mazoezi kinachouzwa, unamnyima mtunzi riziki yake.

3. Tafuta kazi zenye leseni huria, yaani ruhusa ambayo mtunzi amekwisha kuitoa kwa kila mtu kwa masharti fulani. Zinazojulikana zaidi ni za shirika la Creative Commons (CC), zilizotolewa mara ya kwanza 2002. Masharti yake huandikwa kwa herufi. BY: mtaje mtunzi. SA: ukiibadili, toa yako kwa leseni ileile. NC: si kwa biashara. ND: usisambaze uliyoibadili. Mimi hutafuta BY au BY-SA kwanza, kwa sababu mwalimu hawezi kufundisha bila kukata, kuongeza na kutafsiri.

4. Andika utambulisho palepale chini ya picha: jina la kazi, mtunzi, anwani ya ukurasa wake, leseni, na ulichobadili. Mfano: "Moyo wa binadamu", jina la mchoraji, anwani, CC BY-SA 4.0 (4.0 ni toleo la leseni), maandishi yametafsiriwa. Usiandike "Chanzo: Google". Google imekuonyesha tu picha ilipo.

MASWALI

Samahani mwalimu, mchoro una ND. Naweza kutafsiri maandishi yake niwagawie wanafunzi?
– Kutafsiri ni kubadili, kwa hiyo leseni hiyo haikuruhusu kuugawa. Mwandikie mtunzi umwombe. Leseni haimzuii kukupa ruhusa zaidi.

Shule yetu inatoza ada. NC inatufunga?
– Kinachoangaliwa ni matumizi yenyewe, si aina ya taasisi. Kuonyesha picha darasani ni tofauti na kuuza kijitabu chenye picha hiyo.

Je, mtunzi akiondoa leseni baadaye?
– Uliyeipokea kazi ikiwa na leseni hiyo, haki zako zinabaki maadamu unatimiza masharti. Ila utahitaji ushahidi. Siku unayopakua, piga picha ya skrini ionyeshe leseni na tarehe, uihifadhi pamoja na faili lenyewe.