Somo la Alhamisi: mgeni wa wiki mbili aliyekaa miezi tisa

Somo hili la kumwondoa mgeni asiyetaka kuondoka nililitoa kikundini kwetu, kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Chikongola, Mtwara, Alhamisi iliyopita, baada ya kukusanya hisa. Wengine mlikuwa msibani mkaniomba niliandike, nami nimeliandika pamoja na maswali yaliyoulizwa. Ni somo la vikoba, si la unyago. Waliocheka wakati natangaza, nimewaona.

Mwenye kisa ni mimi. Januari ya mwaka jana alikuja mpwa wa mume wangu kutoka Newala, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, begi moja begani. "Mkaza mjomba, wiki mbili tu, nasubiri pesa ya korosho iingie benki." Pesa iliingia, ikatumika, yeye yupo. Akasema ngoja palizi ipite. Ikapita. Juni wenzake wako mashambani wanapuliza salfa mikorosho, yeye yuko kwenye kiti cha baba watoto anapuliza chai.

Nilijua mambo yameharibika siku nilipokuta msumari. Kaupigilia sebuleni, juu ya kochi analolalia, katundika kanzu ya Ijumaa na kofia. Msumari wa inchi tatu, umezama barabara, lipu imebanduka kidogo pembeni. Mtu mwenye safari hapigilii msumari wa inchi tatu.

Mtaniambia wahenga walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nawaheshimu wahenga, lakini jembe nilimpa, tena mapema, siku ya nne, mvua inanyesha. Akalipokea kwa furaha. Akalima nyuma ya choo, akapanda mchicha, bamia na mihogo. Kuanzia hapo kila nikigusia safari anasema, "Ngoja mihogo ikomae." Mihogo hiyo mingine hukaa ardhini mwaka! Kwa hiyo mimi nasema jembe mpe, mbegu usimpe. Na chonde chonde, asipande mkorosho wala mnazi kwenye kiwanja chako. Mkorosho ukitimiza miaka mitatu hivi unaanza kuzaa, na hapo ndipo utakaposikia "mkorosho wangu".

Hatua ya kwanza: mjue uliye naye.
Mgeni anakaa kwa ruhusa yako na halipi kitu. Ruhusa uliyoitoa unaweza kuiondoa, mradi umpe muda wa kutosha kujipanga. Lakini akianza kukupa pesa kila mwezi, hata 20,000, nawe ukapokea, kesho atasimama mbele ya mwenyekiti wa mtaa aseme yeye ni mpangaji, na mpangaji wa mwezi kwa mwezi ana haki ya kupewa notisi ya mwezi. Akitaka kuchangia, anunue mchele au samaki. Pesa mkononi usipokee.

Hatua ya pili: mwenye ndugu ndiye aseme.
Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Huku kwetu mpwa kwa mjomba wake hahesabiwi mgeni. Kwa Wamakonde, kama kwa Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Ningemwondoa mimi, Newala nzima ingesema mke wa mjomba kamfukuza mtoto wa watu. Ilibidi nianze na mume wangu, na kusema kweli yeye alinichukua muda mrefu kuliko mgeni mwenyewe. Tuliongea chumbani, usiku, redio iko wazi ili sauti zisitoke. Sikumwambia "ndugu yako kanichosha". Nilimfungulia daftari ninamoandika umeme wa LUKU, nikamwonyesha uniti za Desemba, kisha za Julai. Kijana anapiga pasi kila siku, hata siku asiyotoka. Mume wangu alizitazama zile namba, akafunga daftari, akasema, "Nitaongea naye."

Hatua ya tatu: taja siku.
Mafumbo nilishayajaribu. Nilivaa kanga yenye maneno ya kumsema mgeni, nikapita nayo mbele yake mara nne. Akaniambia kanga nzuri, nimtafutie mama yake kama hiyo. Fumbo mfumbie mjinga; huyu hakuwa mjinga, alikuwa na raha zake.

Mume wangu alimwita uani, wakiwa wawili, watoto wamekwenda madrasa. Alisema hivi: "Mpwa wangu, tumekaa vizuri. Mwezi wa kumi korosho zinaanza, na kwa kaka yangu hakuna mtu wa kuziokota. Jumamosi ya pili ya mwezi huo utapanda basi la asubuhi. Nauli ninayo." Basi. Humo mna siku, mna sababu isiyomtia mtu aibu, na mna nauli. Hakuna "ukiweza" wala "tutaona". Tulimpa wiki tatu. Chini ya hapo ni ukatili, na mkizidisha mwezi atasahau.

Hatua ya nne: rudisha nyumba yako pole pole.
Chakula usimnyime. Kumnyima mtu ugali nyumbani kwako ni kujitukanisha mwenyewe. Lakini sebule nilitangaza ni ya watoto kusomea kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, na pasi ni Jumamosi tu. Msumari niliung'oa mwenyewe, yeye ameketi, nikamkabidhi kanzu yake imekunjwa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka begini. Kuhusu mihogo tukakubaliana kwamba ikikomaa ni yake, nitamtumia makopa, yaani mihogo iliyokaushwa.

Hatua ya tano: siku yenyewe.
Msimpe nauli mkononi mapema, kateni tiketi. Mfungieni mzigo wa kufikia nao kwao. Mimi nilimfungia papa mkavu, na kanga kwa mama yake, ile ile aliyoisifia. Mume wangu alikwenda naye stendi alfajiri, akasimama mpaka basi likatoka. Msiagane mlangoni, maana kuna watu hufika kona wakarudi na bodaboda.

Hatua ya sita: akigoma.
Kwanza wazee wake. Kama yuko mtani, mtumieni, kwa kuwa mtani atamwambia usoni lile ambalo nyinyi mkilisema ni ugomvi. Wakishindwa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, iandikwe siku mpya ya kuondoka, mashahidi watie saini. Baada ya hapo ni baraza la kata, lakini mjue kwamba tangu sheria ibadilishwe 2021, baraza la kata kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu. Uamuzi hutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usitupe vitu vyake nje, usibadili kufuli mali yake ikiwa ndani, usishikilie vyeti vyake. Ukifanya hivyo, atakayeitwa polisi ni wewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wangu mimi si mpwa. Alikuja kama mgeni, sasa mwaka wa tatu, majirani wanamwita baba mwenye nyumba. Nimpe nauli?
Jibu: (Kikundi kizima kililipuka, mwenyekiti akapiga meza.) Dada, huyo ulishampitisha kituo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mahakama inaweza kutoa amri za matunzo kama kwa wanandoa. Tafuta wanaotoa msaada wa kisheria kabla hujamgusia habari ya basi.

Swali: Nina mtoto wa dada yangu, miaka 16, yuko kidato cha tatu. Dada hatumi hata sabuni.
Jibu: Huyo ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Hapakizwi kwenye basi peke yake na kiroba. Mwenye deni hapo ni dada yako, mwite yeye mtaje siku, na mtoto akabidhiwe mkono kwa mkono muhula ukiisha. Dada akikataa kuja, nenda kwa afisa ustawi wa jamii.

Swali: Nikimwambia aondoke anafoka, juzi kavunja sahani.
Jibu: Hatua zangu zote hizo ziache. Leo leo nenda polisi, ulizia dawati la jinsia na watoto. Usilale naye nyumba moja kwa kuona haya.

Swali: Na akiwa mama mkwe?
Jibu: Hilo nilisema nitalijibu pembeni.

Swali: Nikimpa mzigo na nauli, si namzoesha?
Jibu: Piga hesabu. Nauli ni mara moja, LUKU ni kila wiki.

Swali: Huyo wako hajarudi?
Jibu: Alirudi Desemba kwenye harusi hapo mtaa wa pili. Nilimfungulia, na kabla hajavua viatu nikamuuliza, "Karibu baba, unaondoka lini?" Akacheka. "Jumapili, mkaza mjomba." Jumapili asubuhi nikaamka kochi liko tupu. Nikamkuta nyuma ya choo, kakunja suruali magotini, anachimba mihogo. Alijaza kiroba kimoja, kingine akatuachia mlango wa jikoni, akanawa miguu, akaenda stendi mwenyewe.