Kuteremka kwa pikipiki ya zamani ya mipigo miwili
Ukiteremka mlima mrefu kwa pikipiki ya zamani ya porini yenye injini ya mipigo miwili, usiifanye injini kuwa breki huku eksileta imefungwa. Vuta klachi, tumia breki zote mbili, na mara kwa mara fungua eksileta kidogo. Wepesi wa injini hiyo, ambao ndio uzuri wake mkubwa, unatokana kwa sehemu na kutokuwa na hifadhi ya oili chini yake: hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli, hivyo eksileta ikifungwa na petroli ikapungua huku pistoni ikienda mbio, oili nayo hupungua na pistoni huweza kukwama. Yenye pampu ya oili, kama Yamaha DT-1 ya 1968, haimo hatarini kiasi hicho. Breki zikipata moto, mbinu hii haifai: rudisha gia ndogo, ukiendelea kufungua eksileta kidogo kidogo.