SOMO: Umepigwa tiketi ya spidi Marekani? Usiilipe usiku uleule

Wakuu, habari za muda. Kila wiki kuna ndugu ananitumia picha ya tiketi na swali lilelile: "Kaka, niilipe tu yaishe?" Nimeona niandike mara moja, wote tusome. Mimi si wakili, ni dereva tu, na haya nimeyajua baada ya kuumia.

Tiketi yangu ya kwanza niliipata Texas: maili 71 kwa saa kwenye barabara yenye kikomo cha 60. Faini dola 187. Nililipa usiku uleule kwa simu, hata koti sijavua, nikajiona raia mwema. Miezi minne baadaye ikaja bahasha ya bima. Nilikuwa nalipa dola 94 kwa mwezi, sasa wanataka 121. Nikapiga simu kwa hasira, dada wa upande wa pili akanijibu kwa upole kwamba rekodi inaonyesha nimetiwa hatiani. Nani kanitia hatiani, mahakamani kwenyewe sijakanyaga? "Ulilipa, bwana. Kulipa ni kukiri kosa." Nikakaa kimya. Dola 27 za ziada kwa miezi 36 ni 972. Faini niliyoihangaikia ilikuwa cha mtoto.

Kwa hiyo ukipokea tiketi, swali la kwanza liwe: hili kosa litaingia kwenye rekodi yangu au halitaingia? Bei ya faini utaiwaza baadaye.

Hatua ya 1: Pembeni ya barabara

Kwetu tumezoea kushuka na kumfuata afande. Huku usishuke. Sogea kulia, zima gari, shusha kioo, mikono iwe juu ya usukani. Atakuuliza kama unajua kwa nini amekusimamisha. Hiyo si salamu. Ukijibu "nilikuwa kwenye 80 hivi, samahani sana," anaandika, na siku ya kesi utasomewa maneno yako mwenyewe. Mpe leseni na karatasi za gari, jibu kwa adabu na kwa kifupi, habari za mwendo usizijadili.

Akikuletea usaini, saini. Sahihi hiyo ni ahadi kwamba utaijibu tiketi kabla ya tarehe iliyoandikwa, haina maana kwamba umekubali kosa. Kugoma kunaweza kukupeleka kituoni bure.

Na tafadhali, usichomoe noti. Ile lugha ya "tusaidiane, mkuu" huku ni jinai, tena kubwa kuliko spidi yenyewe.

Afande akishaondoka, kabla hujarudi barabarani, andika kwenye simu: saa ngapi, hali ya hewa, magari yalikuwa mengi au machache, kibao cha mwisho cha mwendo ulikiona wapi, alikwambia amekupima kwa nini, rada au kwa kukufuata. Baada ya wiki tatu hukumbuki hata kimoja.

Hatua ya 2: Isome karatasi

Wengi wanatafuta kiasi cha faini na kuishia hapo. Tafuta vitu vinne: mwendo ulioandikiwa na kikomo cha pale, aina ya kosa, mahakama gani, na siku ya mwisho ya kujibu.

Tofauti kati ya mwendo wako na kikomo ndiyo inayoamua milango ipi iko wazi. Texas, ukizidisha maili 25 au zaidi, au ukifika 95, darasa la udereva la kufuta tiketi (nalieleza Hatua ya 4) huruhusiwi. California, ukizidisha zaidi ya 25, karani hawezi kukupa darasa, itabidi umwombe hakimu. Na ukipita 100 ni pointi mbili badala ya moja (pointi ni alama za makosa kwenye rekodi yako ya udereva). Georgia kuna unafuu upande mmoja na kisu upande wa pili: ukizidisha chini ya maili 15 hakuna pointi, lakini ukifika 85 popote pale, au 75 kwenye barabara ya njia mbili, jimbo linakuongezea dola 200 juu ya faini ya mahakama.

Virginia naitaja peke yake kwa sababu imewaliza wengi wanaopita kwenda Washington DC. Kuzidisha maili 20, au kuvuka 85 hata kama kibao kinasema 70, huitwa uendeshaji wa hatari na ni kosa la jinai: hadi miezi 12 jela na faini hadi dola 2,500. Karatasi inafanana na tiketi ya kawaida kabisa. Ukiona hivyo, acha kusoma somo hili, tafuta wakili.

Halafu ile hadithi ya kwamba jina likikosewa herufi moja kesi imekufa: haijafa. Hakimu anasahihisha kwa kalamu, mnaendelea.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bima

Kampuni ya bima haijui kuwa umesimamishwa. Inachokiona ni rekodi yako ya udereva ya jimbo, na kwa kawaida huivuta wakati wa kuhuisha bima. Tiketi ambayo haijaamuliwa bado haijawa hatia. Kwa hiyo usikimbilie kuwapigia simu kuwaungamia. Ila wakikuuliza kwenye fomu, sema kweli. Uongo kwenye fomu ya bima unaweza kukufanya ukose malipo siku umegonga.

Hatia ya spidi mara nyingi hukaa kwenye hesabu zao kama miaka mitatu. Tafuta wakala huru, anayeuza bima za kampuni nyingi, muulize mtu wa umri wako, gari lako na mtaa wako anaongezwa kiasi gani akiwa na hatia moja ya spidi. Zidisha kwa miaka mitatu. Hapo ndipo unajua kama wakili wa dola 200 ni ghali au ni rahisi.

Hatia ya kwanza na ya pili si sawa. California, sheria iliyopigiwa kura 1988 inawapa madereva wazuri punguzo la asilimia 20, na mwenye pointi moja ndani ya miaka mitatu bado anahesabiwa mzuri. Ya pili ikiingia, punguzo lote limeondoka. Ukiwa na pointi moja tayari, pigania ya pili kwa nguvu zote.

Watu wa Texas mnasema pointi zilifutwa. Ni kweli, zilifutwa Septemba 2019 pamoja na tozo za kila mwaka zilizokuwa zinalipwa kwa jimbo. Kampuni za bima hazikufuta chochote.

Hatua ya 4: Chagua njia

Darasa la udereva ndilo ninalopendekeza kwanza kwa mwenye leseni ya kawaida. Texas unaomba mahakamani kabla ya siku iliyo kwenye tiketi, unakubali kosa au unasema hulipingi, unaonyesha bima iko hai, unapewa siku 90 kumaliza darasa na kurudisha cheti. Linapatikana mtandaoni, linachosha kama hotuba ya mgeni rasmi, lakini kesi inafutwa na bima hairuhusiwi kukupandishia kwa hiyo. Mara moja kila miezi 12. California ni mara moja kila miezi 18. Faini unalipa yote, ila pointi inafichwa isionekane na bima. Kosa la kawaida: mtu anamaliza darasa kisha anasahau kupeleka cheti. Hapo umelipa mara mbili na hatia umeipata.

Kama darasa umeshalitumia, uliza kuhusu kuahirishwa kwa hukumu. Hakimu anakuweka chini ya uangalizi, Texas hadi siku 180. Unalipa ada, usipopata tiketi nyingine kesi inafutwa. Jimbo la Washington lina utaratibu wake, mara moja kila miaka saba. North Carolina kuna kitu karibu na hicho, hakimu anaacha kuandika hukumu, lakini kwa upande wa bima kinahesabiwa kwa nyumba nzima: mkeo akikitumia mwaka huu, wewe subiri hadi miaka mitatu iishe.

Njia nyingine ni kuzungumza na mwendesha mashtaka. Unafika mapema, unavaa vizuri, unamwomba abadilishe shtaka liwe kosa lisilohusu uendeshaji wenyewe. Faini inaweza hata kupanda, kubali. Kosa la aina hiyo bima kwa kawaida hawalihesabu. Niliwahi kumsindikiza jamaa yangu kwenye mahakama ya mji mdogo. Dirishani kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani shingoni, akatwambia hata kabla hatujauliza: "Mnataka kulipa au mnataka kuongea?" Watu tisa kwenye foleni mbele yetu walikuwa wamelipa. Sisi tukasema kuongea. Dakika kumi tu. New York City lakini msijaribu, ile ofisi inayosikiliza tiketi za trafiki pale mjini haina mapatano: una hatia au huna.

Kupinga moja kwa moja ni haki yako, na kwenye kesi ndogo za California unaweza kufanya kwa maandishi. Unaweka kwanza kiasi chote cha faini kama dhamana, unaandika maelezo yako, afande naye anaandika yake. Ukishinda unarudishiwa pesa. Ukishindwa una siku 20 za kuomba isikilizwe upya ana kwa ana.

Na kulipa tu? Ndiyo, kuna wakati. Umezidisha kidogo, hakuna pointi, rekodi yako safi, na umeshauliza ukajibiwa kuwa bima haitapanda. Lipa ukalale.

Hatua ya 5: Tarehe

Ukisahau kila kitu, usisahau tarehe. Kutojibu tiketi kunaweza kuleta kesi mpya ya kutofika, leseni kufungiwa, hata hati ya kukamatwa, na ukisimamishwa tena unaendesha bila leseni halali. Umehama nyumba? Badilisha anwani yako kwenye leseni, barua za mahakama zinakwenda ile ya zamani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Mimi naendesha semi, nina CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara. Nimepigwa tiketi Jumapili nikiwa na gari langu dogo, nimezidisha maili 17. Hilo darasa naweza kufanya?

Jibu: Ndugu, pole. Darasa, kuahirishwa hukumu, vyote hivyo havikufichii hatia. Sheria ya serikali kuu inakataza majimbo kumfichia hatia mwenye CDL, hata kama alikuwa kwenye gari dogo. Hatia ikipatikana una siku 30 za kumwarifu mwajiri kwa maandishi. Na ujue kwamba kuzidisha maili 15 au zaidi ukiwa kwenye lori ni kosa zito: mawili ndani ya miaka mitatu unakaa nje siku 60, la tatu siku 120. Wewe usihangaike peke yako, mtafute wakili anayeshughulika na madereva wa malori, apigane na shtaka lenyewe kabla halijawa hatia. Siku 60 bila mzigo unazijua zinavyouma.

Swali: Naishi Ohio, tiketi ya Indiana. Nikikaa kimya watanipata wapi?

Jibu: Nyumbani kwako. Majimbo karibu yote yanapeana taarifa. Georgia, Massachusetts, Michigan, Tennessee na Wisconsin hayamo kwenye mkataba mkuu wa kupeana hizo taarifa, lakini usijengee nyumba juu ya hilo. Usipojibu, Indiana inaweza kuiandikia Ohio na leseni yako ikafungiwa. Piga simu mahakama ya kule, uliza kama unaweza kujibu kwa barua au kwa wakili bila kusafiri.

Swali: Shikamoo kaka. Barua imekuja na picha ya gari langu kutoka Maryland, ni kamera. Bima itapanda?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Tiketi za kamera Maryland hazina pointi na bima hawazitumii. New York vivyo hivyo. Lipa kabla ya tarehe, ukiipuuza unaweza kukwama kwenye usajili wa gari. Ila soma barua vizuri kwanza, matapeli nao wanatuma ujumbe wa faini kwa simu. Usibofye kiungo cha kwenye meseji.

Swali: Kuna mtu kaniambia niende tu mahakamani, afande haji, kesi inafutwa.

Jibu: Wakati mwingine haji kweli. Wakati mwingine hakimu anaahirisha. Na wengi wao wanakuja, maana kesi zao hupangwa siku moja. Nenda ukiwa na hoja, si na dua ya afande kuchelewa.

Swali: Mimi naomba uraia mwaka ujao. Tiketi ya spidi itaniharibia?

Jibu: Tiketi ya kawaida peke yake, hapana. Ila fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kuandikiwa kosa na polisi, na tiketi imo, kwa hiyo itaje. Kama hukukamatwa, hakukuwa na pombe wala dawa, na adhabu ilikuwa pointi au faini chini ya dola 500, maelekezo ya fomu yanasema huhitaji kuambatanisha nyaraka. Ikiwa ni ile ya Virginia, hiyo ni jinai. Ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kusema chochote mbele ya hakimu.

Swali: Nililipa jana kabla sijaona hili somo. Ndiyo basi tena?

Jibu: Piga simu kwa karani leo, usingoje Jumatatu. Uliza kama malipo yameshaingizwa kama hatia, na kama unaweza kuomba darasa au kuondoa kukiri kwako. Kuna mahakama zinakubali ukiwahi. Mimi nilipiga baada ya miezi minne.